Flashi au Bluetooth: Kipi Kinafaa kwa Sabufa ya Nyumbani?

Flashi ya GB 32 hubeba nyimbo zaidi ya 3,000 za MP3 za dakika nne nne zenye ubora wa kbps 320 na haitegemei chaji ya simu, ila sabufa nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 tu, na kuusaka wimbo mmoja kwa rimoti huku kioo kikionyesha namba tupu ni adha. Bluetooth hurahisisha utafutaji bila gharama ya ziada. Hata hivyo huibana sauti upya na kuipunguzia ubora kidogo, hukatakata ukivuka takriban mita 10, na kwangu Temeke simu ikiita, taarabu hunyamaza katikati ya kibwagizo. Mwenye shughuli uani atumie flashi, nakala ikiwa kwenye kompyuta, maana flashi hufa bila taarifa. Anayesikiliza peke yake jioni, simu mkononi, Bluetooth itamfaa zaidi.