Behewa la maziwa la Lionel 3472: nilinunua bovu, sasa linapakua

Nianze na hukumu kwa wasio na muda: ukitaka kuingia kwenye treni za kuchezea za zamani bila kutoboa mfuko, tafuta behewa la maziwa la Lionel, kampuni ya Kimarekani ya treni za kuchezea, lililokufa lakini lenye viungo vyake vyote. Usinunue lililong'arishwa. Lililong'arishwa utalilipia jasho la mtu mwingine, na raha yenyewe iko kwenye kulifungua.

Kwa asiyelijua, hili ni behewa jeupe la treni za Kimarekani za kipimo cha O, yaani reli zenye upana wa milimita 32 hivi, na ukubwa wa takriban 1:48, yaani sehemu moja ya 48 ya treni halisi. La kwanza, namba 3462, lilitoka mwaka 1947. Langu ni 3472, lililotengenezwa kuanzia 1949 hadi 1953, miaka ambayo Lionel ilikuwa kwenye kilele chake na karibu kila mtoto wa Marekani aliitaka treni yake chini ya mti wa Krismasi. Unalisimamisha mbele ya jukwaa dogo la bati, unabonyeza kitufe, milango inafunguka, na kijitu chenye sare nyeupe kinatokeza na kusukuma mkebe wa maziwa nje. Kinarudi ndani, milango inajifunga. Unabonyeza tena, mkebe wa pili. Mikebe unaipakia kwa juu, kupitia kifuniko kidogo cha paani, nayo inateremka yenyewe ndani kwenye mfereji, mmoja baada ya mwingine. Hakuna mota wala chipu humo. Ni koili moja ya umeme, kipande cha chuma kinachovutwa na koili hiyo, vijiti kadhaa na springi.

Langu nililipata York, Pennsylvania, kwenye mkutano mkubwa wa kuuziana wa wakusanyaji wa treni za kuchezea unaofanyika kila Aprili na Oktoba. Kwetu ningeuita gulio tu, maana ni kumbi na kumbi za meza zilizojaa mabehewa, na wazee wenye miwani wanaobishana kuhusu rangi ya skrubu. Muuzaji aliniambia kwa uso mkavu kwamba linahitaji kufutwa vumbi tu. Nililigeuza chini juu palepale nikaona waya mmoja unaning'inia. Nikanyamaza, nikashusha bei hadi chini ya dola 40, tukapeana mikono.

Hapo ndipo pa kuwa makini unaponunua. Uchafu usikutishe, wala waya uliokatika. Tazama kama kijitu kipo na mkono wake haujavunjika. Tazama milango yote, maana hiyo ndiyo hupotea. Pitisha kidole pembeni mwa bodi na kwenye tundu za skrubu, maana plastiki ya miaka 70 ikipata ufa huwezi kuurudisha. Gundi itashika, lakini alama itabaki. Kisha tazama vile vibao viwili vya chuma vilivyo chini, kwenye vigari vya magurudumu. Vibao hivyo ndivyo vinavyofikisha umeme kwenye koili. Treni ya Lionel ina reli tatu, ya katikati ikibeba umeme wa kuendeshea injini, lakini behewa hili halitegemei hiyo. Kuna kipande maalumu cha reli, kinaitwa UCS, chenye reli mbili fupi za ziada. Vibao vikizikanyaga nawe ukabonyeza, koili inapata umeme. Kwa hiyo ukinunua behewa bila kipande hicho cha reli umenunua pambo la kabatini, na wauzaji wengi hawalisemi hilo mpaka uulize.

Kulifungua ni kazi ya bisibisi ndogo na subira. Nililaza behewa kwenye taulo, nikafungua skrubu za sakafuni, na kabla ya kunyanyua bodi nikapiga picha kwa simu. Piga picha kila unapogusa kitu. Springi za humu ndani ni nyembamba mno, na moja ikiruka kwenye zulia utaisaka kwa sumaku usiku kucha.

Ndani nilikuta nilichotarajia: grisi ya zamani iliyoganda ikawa kama ugali wa jana, ya rangi ya kahawia, imekibana kile kipande cha chuma kwenye koili. Spiriti na pamba ya masikioni viliitoa. Mswaki mkuukuu ukasafisha mfereji wa mikebe. Bodi niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, bila kusugua maandishi ya ubavuni. Spiriti usiisogeze kabisa karibu na maandishi. Nimeona behewa la rafiki yangu limebaki na nusu ya namba. Baada ya kukausha, mfereji nimeuacha mkavu kabisa. Ukipaka mafuta pale, mikebe itanata.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye nyaya. Ganda la waya wa enzi hizo hukauka likapasuka, na waya unakatika pale pale unapokutana na kibao. Nilipima koili kwa mita ya kupimia umeme, ikaonyesha umeme unapita, nikashusha pumzi. Nikakata nyaya za zamani, nikachomea mpya kwa risasi, nyaya laini zenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Urefu wake ndio siri ya kazi hii. Kigari cha magurudumu hugeuka behewa linapopita kwenye kona, na kwenye duara dogo la inchi 31 kinageuka sana. Waya ukiwa mfupi unakivuta, na behewa linaruka relini kila kona moja. Waya ukiwa mrefu unaning'inia, unagusa ekseli au reli ya katikati, na cheche zinaanza. Nilikigeuza kigari hadi mwisho wa upande mmoja, nikapima, nikageuza upande wa pili, nikapima tena, kisha nikaongeza kidogo tu kabla ya kukata.

Siku hiyo baba alipiga simu ya video kutoka Morogoro. Ni mstaafu wa karakana ya reli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndio hicho kinachokuzuia kulala?"

Nikamwonyesha. Akakaa kimya kidogo, akavaa miwani. "Usirudishe bodi kwanza. Liweke relini tupu, livute kwa mkono, usikilize magurudumu. Bodi ikisharudi, kelele zote zinafanana."

Ndivyo ninavyofanya sasa kwa kila behewa, na nakushauri ufanye hivyo. Sakafu na mashine yake inakaa relini bila bodi, na ukiisukuma taratibu utasikia gurudumu lipi linasaga. Tone moja la mafuta kwenye kila ncha ya ekseli, basi, ziada unaifuta. Kisha unasogeza kwenye ile UCS na kubonyeza, ukitazama kila kitu kinavyotembea wazi mbele ya macho yako. Kijitu kilipotoka mara ya kwanza, baba alicheka mpaka simu ikatetemeka.

Kurudisha bodi kunaudhi zaidi kuliko kufungua, kwa sababu ya milango. Ukiishika huu, ule unaanguka. Niliibana yote kwa kipande cha tepu ya karatasi kwa nje, nikateremsha bodi, nikakaza skrubu, ndipo nikabandua tepu. Na skrubu zenyewe: kabla ya kukaza, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo uigeuze mbele, na ukaze kwa vidole viwili tu. Ukilazimisha, skrubu inachimba njia mpya kwenye plastiki, na mara ya tatu haitashika tena.

Sasa nije kwenye vipuri, ambako ndiko nilikopandwa na hasira. Mikebe ya asili ya 3472 ina sumaku kitakoni, ndiyo maana inasimama wima kwenye jukwaa la bati ikisukumwa. Behewa la baadaye, 3662 lililotoka mwaka 1955, linatumia mikebe isiyo na sumaku. Duka moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja, liliniandikia kwamba mikebe yao inafaa mabehewa yote ya maziwa. Ikaja isiyo na sumaku. Inapita kwenye mfereji, inatoka mlangoni, halafu inalala kifudifudi jukwaani. Nikaagiza kwingine ya kuigiza yenye sumaku, nayo ikaja na mshono wa plastiki pembeni, mwembamba kiasi cha kuuona kwa taa tu, lakini unatosha kuukwamisha mkebe katikati ya mfereji. Msasa laini uliimaliza, mkebe mmoja mmoja. Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: ni ya 3462/3472 au ya 3662? Muuzaji akisitasita, hama meza.

Mbali na mikebe, vipuri si shida. Lionel ilikuwa na vituo vyake vya mafundi na ikawachapia vitabu vya matengenezo vyenye michoro ya kila skrubu. Vitabu hivyo vimechapishwa upya, na karibu kila springi ina namba yake unayoweza kuiagizia. Sijui vingapi kati ya vitu ninavyonunua leo vitakuwa na hilo baada ya miaka 70. Simu yangu haina.

Matumizi ya kila siku: lina kelele. Koili inanguruma, milango inagonga. Bonyeza kwa mguso mfupi na uachie. Ukikandamiza kitufe koili inapata moto, na koili iliyoungua ni hasara isiyofidika kirahisi. Mikebe midogo hiyo usiiache mbele ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Binti yangu wa shule ya msingi ndiye anayepakia, mimi nabonyeza.

Kwa mnaofikiria kulipeleka nyumbani: transfoma za Lionel zimetengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Usichomeke kwenye soketi ya Dar au Mombasa yenye volti zaidi ya 200. Utaiunguza dakika hiyo hiyo. Unahitaji transfoma ya kushusha, na iwe yenye uwezo (wati) mkubwa kuliko unaoandikwa kwenye ile ya treni. Na hata huku Marekani, kagua kebo ya transfoma ya zamani kabla ya chochote. Mpira ukiwa umepasuka, badilisha kebo nzima. Tepu si dawa hapo.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya gharama zilizojificha: reli ya UCS, mikebe, na transfoma salama vilinigharimu zaidi ya behewa lenyewe. Rangi sijaigusa. Kona moja imechunika na paa limekuwa na umanjano kidogo, na wakusanyaji wengi huku watakwambia kupaka upya kunalishusha thamani.

Nimeshanunua na la ng'ombe, 3656, ambalo ng'ombe wake hutembea wenyewe kwa mtetemo kutoka zizini hadi ndani ya behewa. Nimelisafisha, umeme unapita, zizi linatetemeka vizuri. Ng'ombe wawili wanaingia, wa tatu anageuka mlangoni na kuwazuia wenzake.