Uzoefu wangu: epoksi ya kupenya na alumini ya pembe kwenye sakafu ya slaidi iliyonepa

Kwa miezi 18 sasa nimeishi na matokeo ya seti ya epoksi nyepesi ya kupenya mbao, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu makopo yake mawili yakichanganywa, niliyoitumia pamoja na alumini ya umbo la pembe kurekebisha sakafu ya slaidi katika trela langu la safari. Ninamwandikia mtu ambaye ameanza kuhisi sakafu ikibonyea chini ya kisigino na anajiuliza kama makopo hayo yatamwondolea tatizo. Epoksi ilifanya kazi nzuri, lakini haikuwa kazi niliyoinunulia. Kilichoiwezesha sakafu kubeba uzito tena ni alumini na plaiwudi.

Slaidi ni kile chumba kidogo kinachosukumwa na mota kutoka ubavuni mwa trela baada ya kuegeshwa, ili sehemu ya ndani ipanuke. Sakafu ya trela lenyewe hulazwa juu ya fremu ya chuma, lakini sakafu ya slaidi katika matrela mengi ni ubao tu usio na boriti chini yake, unaoshikwa na kuta za slaidi na kuegemea rola chache kwenye kizingiti cha tundu. Mara nyingi ni ubao wa vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, na upande wa chini umevikwa turubai jembamba jeusi la plastiki iliyofumwa. Turubai hilo likiwa zima huzuia maji, lakini likitobolewa na skrubu au kukwaruzwa na rola huyapitisha, kisha huyafungia ndani yasikauke. Ukingo uliokatwa wa ubao hunywa maji kama utambi unavyonywa mafuta, vipande huvimba, gundi huachia, na ubao hunenepa ukingoni huku nguvu zake zikiisha. Uzito wa kochi na wa watu wanaoketi hapo kila siku humalizia kilichobaki.

Dalili ya kwanza kwangu haikuwa kubonyea. Mota ilianza kulalamika katika sentimita chache za mwisho za safari yake, na fremu ya urembo ya ndani ikawa inabana chini huku ikiacha mwanya juu. Nilidhani mota imechoka, nikapoteza miezi kadhaa kwa kulainisha gia. Siku niliyoketi kwenye kochi huku mke wangu akitazama kutoka nje, ndipo alipoona ukingo wa chini ukishuka. Nilivuta uzi kutoka kona hadi kona chini ya slaidi, ambayo ina urefu wa mita 3.6, nikakuta sakafu imenepa milimita 11 katikati ya ukingo wa nje. Kwenye kona ya nyuma bisibisi ilizama bila kusukumwa kwa nguvu, na kipima unyevu kilisoma asilimia 31, ilhali mita moja tu kutoka hapo kilisoma 12. Mbao inayobaki chini ya asilimia 20 kwa kawaida haishambuliwi na kuvu wa kuozesha, kwa hiyo nilielewa kwamba kona ile ilikuwa ikiliwa kwa muda mrefu.

Karakana niliyoiendea ilishauri sakafu yote ibadilishwe, jambo linalolazimu slaidi nzima ichomolewe kutoka kwenye trela. Sisemi walikosea. Sakafu iliyooza hadi kwenye njia za rola haina tiba nyingine ya haki, na mtu asidanganywe na kopo lolote. Yangu ilikuwa imeharibika kwenye ukanda wa nje tu, ndiyo sababu nilithubutu.

Lalamiko langu kubwa kuhusu seti hii ni kwamba sharti muhimu kuliko yote, yaani mbao iwe kavu, limeandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa maelekezo. Katika mbao iliyolowa nafasi zote zimeshajaa maji, hivyo epoksi haina pa kuingia. Huganda juu juu na kuufungia unyevu ndani. Nilipasua turubai kwa upana wa sentimita 40 kutoka ukingoni, nikaweka feni na mashine ya kukausha hewa, nikasubiri siku 16 hadi kipimo kiliposhuka chini ya asilimia 15. Subira hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoithamini kuliko zote.

Jambo la pili halikuandikwa popote, nami nililiwaza usiku mmoja kabla ya kuanza: epoksi huigandisha mbao katika umbo inalolikuta. Kama ningeidunga sakafu ikiwa imenepa, ningekuwa na sakafu ngumu iliyonepa milele. Kwa hiyo niliondoa samani zote, nikaweka ubao mrefu juu ya jeki mbili chini ya ukingo wa nje, nikainua kidogo kidogo kwa siku tatu mpaka uzi ukagusa ukingo wote sawasawa. Baada ya hapo ndipo nilipotoboa matundu ya milimita 6 kutoka juu, kila baada ya sentimita 4, bila kutokeza chini, nikadunga kwa sindano ya plastiki. Mbao iliinywa kwa zaidi ya nusu saa. Changanya kiasi kidogo kwenye chombo kipana, kwa maana mchanganyiko mwingi ndani ya kikombe chenye kina hupata joto na kuganda kabla hujautumia. Nilipoteza kikombe kizima namna hiyo. Glavu na barakoa ya kuchuja mvuke ni lazima.

Pale ambapo nyuzi za mbao zilikuwa bado zinashikana, matokeo yamenifurahisha: bisibisi haiingii tena, skrubu zinashika, ukingo haumeguki. Kwenye kona iliyokuwa imegeuka unga, nilipata ganda gumu juu ya unga uleule, nalo lilipasuka ndani ya wiki mbili. Kopo linaahidi kurudisha uimara wa mbao iliyooza, na ahadi hiyo ni kubwa kuliko dawa yenyewe. Epoksi huzuia kumomonyoka, lakini haiwezi kuurudishia ubao vipande virefu vilivyokuwa vikibeba uzito.

Kona hiyo niliikata, sentimita 60 kwa 25, nikaweka plaiwudi ya kutengenezea boti yenye unene uleule, kingo zake zikiwa zimepakwa epoksi mara tatu. Kiunganishi cha chini nilikiweka nje kabisa ya njia ya rola, kwa sababu rola ikikutana na kidato chochote itakwama au itakibomoa. Kisha nikafunga alumini ya pembe, milimita 75 kwa 50 na unene wa 5, kwa urefu wote wa ukingo wa nje: bawa pana likiwa wima kwenye ukuta na bawa jembamba chini ya sakafu, juu ya utepe wa butili (mpira unaonata wa kuzuia maji), kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kununua nilihakikisha kwamba slaidi ikiingia ndani rola huishia sentimita 9 kabla ya ukingo. Pasipo nafasi hiyo alumini isingefaa.

Wengi hukimbilia kuacha jeki za kudumu chini ya slaidi wanapopiga kambi. Mimi nimezikataa. Trela hushuka na kupanda juu ya springi zake watu wanapotembea ndani au matangi ya maji yanapojaa, na slaidi iliyozuiwa isishuke pamoja nalo huanza kubeba uzito ambao gia na fremu yake havikutengenezwa kuubeba.

Mpira wa kufuta maji wa pembeni, uliokuwa umepasuka kwenye kona ileile, niliubadilisha kabla ya kufunga turubai jipya. Bila hilo kazi yote ingeoza upya. Sasa ninaupaka dawa ya silikoni kavu ya kutunzia mipira, kamwe si vilainishi vinavyotokana na mafuta ya petroli.

Ningenunua tena epoksi hii kwa ukingo uliolainika, si kwa sakafu iliyooza. Juma lililopita, kochi likiwa mahali pake na watu wawili wameketi, uzi ulionyesha mnepo wa milimita 2, na kona ya nyuma ilisoma asilimia 13. Rola ya mbele imechimba mfereji mdogo kwenye sehemu ya ubao isiyooza, na hapo ninakusudia kuweka bamba jembamba la chuma kabla ya mvua.