Mashine ya moshi ya kutafuta injini inapovuta hewa: uzoefu wangu

Mashine ya moshi niliyonunua, ya kutafuta tundu ambapo injini inavuta hewa isiyopaswa kuingia, ni ile ndogo inayotumia betri ya gari ya volti 12, yenye pampu yake ndani, kwa hiyo haihitaji kompresa. Ukiitazama ni kidebe cha chuma chenye mshikio, geji moja ya presha, kibomba cha plastiki angavu chenye kigololi ndani, na mpira mrefu unaotoa moshi. Tumboni mwake mna mafuta mepesi ya madini. Waya wa joto unayachemsha mpaka yatoe moshi mweupe mzito, kisha pampu inausukuma moshi huo kwa presha ndogo sana, chini ya psi 1 (psi ni kipimo cha presha). Basi. Haina skrini wala programu ya simu, na kwangu hiyo ni sifa.

Gari lililonifanya niitafute ni la petroli, silinda nne, lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ile mafundi wanayoiita MAF. Likiwashwa asubuhi linatetemeka, mzunguko wa injini unapanda na kushuka wenyewe. Ukisimama kwenye foleni linataka kuzima. Ukikanyaga mafuta ukaondoka, linakwenda vizuri mpaka unasahau kwamba lilikuwa linasumbua. Taa ya cheki injini ikawaka na kodi, yaani namba ya kosa, ikawa P0171, yaani kompyuta inalalamika kwamba hewa imezidi petroli.

Kabla ya kusifu moshi lazima niseme jambo moja, kwa sababu naona watu wanakimbilia mashine hii wakiwa hawajui wanatafuta nini. P0171 haisemi kwamba injini inavuta hewa pembeni. Inasema tu mchanganyiko hauna petroli ya kutosha. Inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka, filta ya petroli imeziba, MAF imechafuka, au kweli kuna tundu. Mafundi wengi wakiiona kodi hiyo wanabadilisha sensa ya oksijeni, na masikini sensa hiyo mara nyingi ndiyo pekee inayosema ukweli katika injini nzima.

Kinachotenganisha mambo hayo ni tarakimu za marekebisho ya mafuta, ambazo kisomeo chochote cha OBD, kile kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, kinazionyesha. Petroli ili iungue sawasawa inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. MAF inahesabu hewa, kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikiingia kwa tundu lililo mbele ya MAF, kuelekea injini, haikuhesabiwa. Sensa ya oksijeni inaiona huko kwenye ekzozi, kompyuta inaongeza petroli kufidia, na kiasi inachoongeza ndicho unachokisoma kwa asilimia. Gari zima huwa ndani ya 5 juu au chini ya sifuri. Langu, injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, lilikuwa limepita 20. Nikapandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika nikaishikilia hapo, tarakimu zikashuka karibu na kawaida.

Mshuko huo ndio ushahidi. Injini ikiwa haijakanyagwa, throtoli (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali) imefungwa karibu yote na mvuto ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ni mkali, kwa hiyo kitundu kidogo kinaingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayotumika. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi mno na ile ya pembeni inabaki tone tu. Ingekuwa kinyume, tarakimu zinapanda kadiri unavyokanyaga, ningeacha moshi nikaenda kupima presha ya petroli na kusafisha MAF. Na kama gari lako halina MAF bali linapima presha ya manifoldi kwa sensa ya MAP, habari ni nyingine: hewa inayoingia pembeni inaonekana na sensa hiyo kama hewa nyingine yoyote, petroli inaongezwa, na unachokiona mara nyingi ni mzunguko kupanda juu bila kodi ya mchanganyiko.

Sasa moshi wenyewe.

Zamani nilikuwa natumia njia ya kupuliza. Unawasha injini, unapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye viungio, na mzunguko ukibadilika umepata. Inafanya kazi, sikatai. Lakini unapuliza kitu kinachowaka kwa urahisi juu ya ekzozi yenye moto, feni inakipeperusha, na mvuke wake ukifika kwenye mdomo wa filta ya hewa injini inabadilika sauti hata kama pale ulipopuliza hapana tatizo. Zile dawa za kusafishia breki zenye klorini ndizo mbaya zaidi, zikikutana na moto au chuma chenye moto zinaweza kutoa gesi ya sumu. Anayetaka njia ya bure atumie maji kwenye chupa ya kunyunyizia. Haina nguvu kama dawa lakini utarudi nyumbani na nyusi zako.

Kwa moshi injini inazimwa. Hiyo peke yake inabadilisha kazi: hakuna feni, hakuna mkanda unaozunguka karibu na vidole, hakuna kelele. Nilifungua bomba la hewa kwenye sanduku la filta, mbele kidogo ya MAF ili mafuta ya moshi yasipite juu ya waya wake mwembamba. Nikachomoa mpira wa busta ya breki (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kulainisha pedali ya breki) pale unapoingia kwenye manifoldi, na kwenye tundu hilo nikaingiza moshi. Mashine ikachukua dakika chache kupata joto. Mdomo wa bomba la hewa niliuacha wazi kwanza mpaka moshi ukatokeza hapo, ndipo nikauziba kwa kizibo cha mpira kilichokuja na mashine. Hatua hii haimo katika karatasi ya maelekezo, na bila hiyo hewa iliyokuwa imejaa mle ndani inakaa kama mto unaouzuia moshi kufika kila pembe. Throtoli pia ilikuwa imefungwa, kwa hiyo niliifungua kidogo kwa kukandamiza pedali, ili moshi upite pande zote mbili.

Moshi wa kwanza kuuona ulitoka kwenye kijiti cha kupimia oili. Wengi wangesema hapo si kitu, ni mvuke wa injini. Ni kitu. Kwa injini ya siku hizi mvuke wa oili unanyonywa kurudi kwenye manifoldi kupitia valvu ya PCV, kwa hiyo kijiti kisichokaza au kifuniko cha oili chenye mpira uliokakamaa ni mlango wa hewa isiyohesabiwa. Oringi ya kijiti, ile pete yake ya mpira, ilikuwa imekuwa ngumu kama kucha. Moshi mwembamba ulitoka pia mwisho kabisa wa ekzozi, na huo ndio usiokuwa na maana: kuna silinda ambayo valvu zake za kuingiza na kutoa zimesimama wazi pamoja, na moshi umepita katikati. Zungusha krenki kidogo kwa spana, unakoma.

Tundu lenyewe lilikuwa nyuma ya manifoldi, upande wa ukuta wa chumba cha abiria, mahali ambapo mkono unaingia lakini jicho haliingii. Mpira wa PCV pale unapopinda umelowa oili kwa miaka, umelainika, na chini ya klampu ulikuwa umepasuka kwa upande wa chini. Hapa ndipo unajifunza kusoma moshi. Moshi unapanda, unatambaa chini ya manifoldi, unatokeza sentimita nyingi mbali na unapotoka. Nilichokiona mimi kilikuwa kama kinatoka kwenye gasketi ya manifoldi, na mtu mwenye haraka angeshusha manifoldi nzima. Punguza kasi ya moshi badala ya kuiongeza, weka tochi ubavuni na si mbele, funga milango upepo usiingie, kisha ingiza kioo kidogo cha mkono. Moshi ukiwa mchache unaonyesha chanzo. Ukiwa mwingi unaonyesha wingu.

Nilibadilisha mpira na oringi, nikafuta kumbukumbu za kompyuta, na tarakimu zikakaa ndani ya 5 injini ikiwa imetulia na ikiwa imekanyagwa. Mtetemo wa asubuhi ukaisha.

Kigololi ndicho sehemu niliyoidharau katika picha za mashine na sasa ndicho ninachokitazama kuliko moshi. Kinapanda kadiri moshi unavyopita kwa wingi. Kabla ya matengenezo kilikuwa juu. Baada ya kukaza kila kitu kilishuka karibu na chini. Kinakuambia kama bado kuna kazi hata pale ambapo moshi hauonekani, kwa mfano tundu lililo chini ya manifoldi linalotolea moshi kwenye bati la chini. Usitegemee kifike sifuri kabisa kwenye injini, kwa sababu pete za pistoni na valvu zinapitisha kidogo siku zote.

Geji ya presha kwa upande mwingine ni pambo. Mshale wake unaruka na alama zake zimebanana, sijawahi kuamua lolote kwa kuitazama. Waya wa betri ni mfupi, kwa hiyo gari ambalo betri yake iko kwenye buti linataka betri ya pembeni. Kile kipira cha kujazwa upepo cha kuzibia mabomba makubwa kilianza kuvuja mapema, nikarudi kwenye kizibo cha umbo la koni ambacho hakina cha kuharibika. Na ukijaza mafuta kupita alama, mashine inatema matone badala ya moshi, na hayo yanaishia kwenye manifoldi yako. Mafuta yaliyokuja nayo yalipoisha nilitumia mafuta ya kupaka watoto, ambayo nayo ni mafuta ya madini yenye manukato, na moshi ukawa uleule. Gereji inanukia.

Kuna mambo ambayo haiyaoni, na haya muuzaji hakuyasema. Busta ya breki ndiyo ya kwanza. Mpira wake una valvu ya njia moja inayoruhusu hewa kutoka kwenye busta kwenda manifoldi tu, kwa hiyo moshi unaoingizwa kutoka manifoldi unagonga valvu na kurudi. Busta iliyotoboka ndani itapita mtihani ikicheka. Ukisikia mluzi miguuni unapokanyaga breki, au pedali imekuwa ngumu, ingiza moshi moja kwa moja upande wa busta, baada ya valvu. Ya pili ni gasketi zinazovuja injini ikiwa baridi tu kisha zinajiziba chuma kikipata moto na kutanuka. Hizo zipime asubuhi kabla ya kuwasha. Wakati mwingine ni kinyume, ufa unafunguka injini ikipata joto, na hapo unapima ikiwa na uvuguvugu. Ya tatu ni gari zenye turbo. Mabomba yanayobeba presha ya turbo yanaweza kukaa kimya kwa psi 1 na kupasuka midomo kwa psi 15. Moshi utaonyesha matundu makubwa, yale mengine yanataka kipimo cha presha halisi.

Tangi la petroli na mabomba yake ya mvuke siyagusi kwa mashine hii. Watu wanafanya, hasa wakipata kodi ya P0442 au P0455, zinazosema mvuke wa petroli unavuja, na mashine ya moshi ndicho chombo chake kweli. Lakini yangu inasukuma hewa ya kawaida kupitia waya wenye moto, na kuingiza hewa yenye oksijeni kwenye mvuke wa petroli si mchezo ninaoupenda. Kuna mashine zinazotumia naitrojeni kwa kazi hiyo, na presha yake inadhibitiwa iwe chini zaidi, kama psi 0.5.

Kwenye ekzozi imenishangaza kwa wema. Unaingiza moshi kwa bomba la nyuma, na kiungio kilichoachia kinaonekana bila kuwasha injini. Hili linahusiana na P0171 kuliko watu wanavyodhani: ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni unanyonya hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, sensa inaona oksijeni, na kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Manifoldi ya hewa ni nzima, kosa liko upande wa pili wa injini.

Kwa mwenye gari moja ambalo halijamsumbua, sioni sababu ya kuinunua. Gereji yenye mashine hii itamaliza kazi haraka. Kwa anayetengeneza magari ya nyumbani na ya ndugu, hasa yaliyozeeka mpaka mipira inakatika ukiigusa, naipa nyota nne kati ya tano. Ningenunua tena leo ningechagua yenye koki ya kupunguza moshi, kwa sababu kwenye yangu napunguza kwa kubana mpira kwa vidole.