Kukata kucha za sungura: taulo au mtu wa kukushikia?

Sungura huwa na kucha 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Ile ya tano ya mbele imejificha kwa ndani, ndiyo husahaulika mpaka ikajikunja.

Ukiwa peke yako, tumia taulo. Mviringishe vizuri abaki kichwa tu nje, kisha toa mguu mmoja mmoja. Hapo hawezi kurusha mateke, na hilo ni jambo kubwa: teke la ghafla linaweza kumvunja uti wa mgongo. Ila taulo lina joto. Akianza kuhema, mfungue mara moja.

Mkiwa wawili, mmoja ampakate, mkono mmoja kifuani na mwingine ukibeba makalio. Mwenzake anabaki na mikono huru ya kushika tochi na kikata kucha. Kwa kucha nyeusi njia hii haina mpinzani: mwanga ukipita kwenye ukucha, kivuli cha mshipa wa damu kinaonekana, nawe unakata milimita 2 au 3 kabla ya kuufikia. Mimi ningechagua hii, mradi msaidizi awe mtulivu. Mwenye wasiwasi humwambukiza sungura.

Kwa vyovyote, usimlaze chali. Akitulia hapo ni hofu imemgandisha, tafadhali usidhani ameridhika. Na wanga wa mahindi uwe karibu: damu ikitoka, gandamiza wanga kwenye ncha ya ukucha mpaka ikatike.