Nyota ya Herrnhut na mji wake: nimeenda, nimenunua, haya maoni yangu

Wale mnaoulizia kama nyota ya Herrnhut, ile taa ya pembe nyingi inayotundikwa wakati wa Krismasi, ina thamani ya hela yake, jibu ni ndiyo, ila msiende Herrnhut kwa ajili ya duka peke yake, mtakuwa mmechoma nauli bure.

Kwanza pa kufikia. Herrnhut ni kamji kadogo huko Oberlausitz, kona ya mashariki kabisa ya Ujerumani, Poland na Czech ni hapo jirani tu. Treni ya abiria siku hizi haifiki, unapanda ya kutoka Dresden unashuka Löbau halafu unachukua basi. Njiani mnapita Bautzen, pale stesheni kibao kina majina mawili, Bautzen na Budyšin, maana huko kuna Wasorbi, watu wa asili ya Kislavi wenye lugha yao na shule zao mpaka leo (nao wanastahili safari yao, leo siwagusi).

Mimi ni wa Kanisa la Moravian tangu kuzaliwa, wa Rungwe, Tanzania, kwa hiyo siwezi kujifanya sina upande. Ile alama ya mwanakondoo na bendera, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate", nimeiona ukutani tangu niko sande skuli, sasa huku ndo kanisa letu lilikoanza upya. Kwa kifupi: kanisa la zamani la Bohemia na Moravia (Czech ya leo) lilisakamwa mno, mwaka 1722 wakimbizi wakavuka mpaka wakapewa pa kukaa kwenye ardhi ya kijana wa miaka 22, Zinzendorf, na seremala Christian David akaangusha mti wa kwanza tarehe 17 Juni. Miaka kumi tu mbele, 1732, hao hao wakimbizi washatuma wamisionari kisiwa cha St. Thomas kule Karibiani kwa watumwa, mmoja mfinyanzi, mwingine seremala! Kwetu Rungwe walifika 1891. Leo Tanzania ndo ina Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, na huku walikoanzia mji wote unauzunguka kwa miguu asubuhi moja na muda unabaki.

Haya, nyota. Historia yake inachekesha kidogo maana haikuanza kama pambo, ilianza kama hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 19 kwenye shule ya bweni ya Wamoravian huko Niesky watoto walikuwa wanatengeneza nyota za karatasi kwenye somo la jometri, wakawa wanazitundika vyumbani wakati wa Majilio (yale majuma ya kungojea Krismasi), wengi wazazi wao wako misheni nchi za mbali. Baadaye Pieter Hendrik Verbeek akaifanya biashara, ikawa kiwanda. Enzi za Ujerumani Mashariki serikali ikakichukua, ukuta wa Berlin ulipoanguka kikarudi kwa kanisa. Karakana unaweza kuitembelea, unawaona kina mama wanakunja karatasi na kugundisha pembe moja moja kwa mkono, hawakimbizani na mtu, na hakuna anayekusukuma ununue.

Nilichukua ya karatasi, nyeupe na nyekundu, ambazo ndo rangi za tangu zamani. Inakuja kwenye boksi ikiwa vipande na unaiunga mwenyewe: pembe 25, kati ya hizo 17 zina kitako cha mraba na 8 cha pembetatu, unaziunganisha kwa vile vibanio vya shaba vya miguu miwili kama vya kufungia bahasha za kaki. Pembe za mwanzo ni raha tupu. Ukishafunga kama nusu ndo kazi inaanza, maana mkono unatakiwa uingie ndani ukunje miguu ya kibanio bila kubonyeza karatasi, mwenye vidole vinene ataomba msaada, mimi alinimalizia shemeji anayeishi Dresden, na mwanaye akawa anahesabu pembe kwa sauti mpaka tukamfukuza. Ila ukiwasha taa jioni... jamani. Mwanga unatoka laini, zile nyekundu zinawaka kama zina uhai, ukuta mzima unabadilika. Wajerumani wanaitundika Majilio mpaka tarehe 6 Januari, mimi yangu ya mwaka mzima, atakayeuliza namwambia ni taa.

Mnaotaka kupeleka nyumbani: ya karatasi ni ya ndani tu, kwa baraza chukua ya plastiki, bei imechangamka ila mvua haiiwezi. Ulizia taa na waya kabla hujalipa, boksi la karatasi na taa ni vitu viwili tofauti. Umeme wa huku na wa Tanzania hauna tatizo, badilisha plagi tu.

Sasa kilichonishika hasa siyo nyota, ni makaburi. Wanapaita Gottesacker, kwenye mlima mdogo nje kidogo ya mji, unapanda njia ya miti. Mawe yote yamelazwa chini, bapa, saizi moja, tajiri na fundi viatu sawasawa, ndugu wa kiume upande mmoja na dada upande wa pili, kama walivyokuwa wanakaa kanisani. Zinzendorf na familia yake tu ndo wameinuliwa katikati, nadhani mwenyewe angekataa. Alfajiri ya Pasaka wanapanda huku na matarumbeta kungojea jua, desturi ya tangu 1732. Niliposikia hivyo nikacheka peke yangu, maana nyumbani tulikuwa tunaamshwa usiku tukilalamika baridi ya Rungwe tukidhani ni ukali wa mchungaji wetu.

Ukumbi wa kanisa uliungua Mei 1945 pamoja na sehemu kubwa ya mji, waliujenga upya mweupe tupu, mabenchi meupe, hakuna madhabahu, meza tu. Na zile aya za Biblia za kila siku, Losungen, zilizochapishwa mfululizo tangu 1731 na zinazotoka hata kwa Kiswahili, zinapigiwa kura huku huku: mtu anachomoa karatasi kwenye bakuli, na wanafanya hivyo miaka mitatu kabla. Yaani aya utakayoisoma siku fulani ya mwaka kesho kutwa, ishachomolewa kitambo.

Lawama zangu. Aliyetutembeza alikuwa mkarimu sana, ila habari za misheni alizisimulia tamu mno. Kwamba kule St. Thomas wamisionari wenyewe walinunua shamba pamoja na watumwa wake, mwishoni mwa miaka ya 1730, mpaka nilipouliza ndo akasema. Alijibu vizuri, hakukwepa, lakini jambo kama hilo siyo la kusubiri mgeni aulize, hasa sasa ambapo tangu 2024 mji umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO na watu wanakuja kutoka kila pembe. Pili, chakula: mgahawa tuliopanga kula ulifunga jiko saa nane mchana, tukaambiwa kuna keki. Keki! Na kadi hawapokei.

Mji nyota tano, nyota yenyewe nne na nusu, chakula msiniulize. Nendeni siku ya kazi muwakute mafundi, anzeni na makaburi asubuhi, duka mwisho, na kabla ya yote piga picha ratiba ya basi la kurudi Löbau maana jioni yanakuwa machache.