Viziba masikio vya aina mbili nilivyovitumia kwenye pampu ya gari la zimamoto, Tabora

Mke wangu aliniambia nikamchukue mtoto kliniki saa sita. Nikafika saa tisa, mtoto keshasinzia kwenye benchi. Sikusahau, nilisikia "tisa". Sauti nyembamba kama s, sh na f ndizo hupotea kwanza, nami ni dereva wa gari la zimamoto, mwaka wa 14 huu.

Wengi hudhani kelele yetu ni king'ora. King'ora kinapita. Pampu haipiti: maji yakishaanza kwenda, unasimama ubavuni mwake saa mbili, tatu, macho kwenye geji ya presha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isizidi saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 unabaki na dakika 15 tu. Huna kipimo? Mwenzako akiwa hatua moja na bado lazima upaze sauti, huenda umeshavuka 85.

Nilianza na viziba vya sponji, shilingi 1,000 jozi. Wiki ya kwanza niliviona bure kabisa, kumbe nilikuwa navisukuma kama pamba. Kiviringishe kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika kivimbe. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe inavuma kichwani. Ila mikono yetu ina dizeli. Nilivishika hivyo hivyo, sikio likawasha siku nne.

Kisha nikanunua vya kufunika sikio lote, vya mfano wa hedifoni, shilingi 28,000. Boksi linasema vinapunguza desibeli 27, lakini hizo ni za maabara. Mkanda wa helmeti ukipita chini ya pedi, kelele inaingia kama moshi chini ya mlango. Nausogeza mkanda nyuma kwanza, ndipo navaa. Oktoba jasho linachuruzika humo ndani, na pedi zilipasuka mwezi wa tano wa kuvitumia. Madukani hapa sikuzipata, nikaagiza Dar.

Tafadhali, anayeingia kwenye moshi asivae hivi. Plastiki inalainika kwa joto, na lazima amsikie mwenzake na mlio wa mtungi wa hewa unaoisha. Nazungumzia pampu, ukaguzi wa asubuhi, jenereta na msumeno wa mnyororo.

Zamani nikitoka zamu nililala na mlio kama nyenje wa porini. Sasa usiku mwingi ni kimya. Kilichopotea hakikurudi, aliyenipima usikivu alinieleza kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Mke wangu akinitajia saa, ananionyesha na vidole.

Vya kufunika nitanunua tena, vya sponji vinakaa mfukoni. Pedi nimeagiza jozi mbili, na jozi nzima ya viziba kwa kijana ninayemfundisha pampu. Ana miaka 23.