Chupa ya kutoa upepo kwenye freni: inaifaa Coccinelle, ila soma pedali kwanza

Pedali ya freni ya Coccinelle (Volkswagen Beetle) ikilegea hapa Bukavu, dawa inayojulikana ni moja: mtu anakaa kwenye usukani, anapompa, anashika, fundi aliye chini ya gari anafungua skrubu ya kutoa upepo kwenye gurudumu. Gunson Eezibleed inafanya kazi hiyo bila mtu wa kupompa. Ni chupa ya plastiki unayoitia mafuta ya freni. Mpira wake mmoja unafungwa kwenye valvu ya tairi ya akiba, mwingine unafungwa kwa kifuniko juu ya kikopo cha mafuta ya freni cha gari. Upepo wa tairi unasukuma mafuta, nayo yanafukuza upepo uliojificha kwenye mirija.

Watu wanaisifu kwa sababu mtu mmoja anatosha. Sisi tunaisifu kwa sababu nyingine: inaiokoa silinda kubwa, ile inayosukumwa na pedali. Kwenye gari la miaka 50, sehemu ya mwisho ya silinda hiyo, ambako pistoni haifiki siku za kawaida, hujaa kutu na uchafu. Ukikanyaga pedali mpaka sakafuni, raba za pistoni zinapita juu ya kutu ile na kuchanika. Gari liliingia garaji na upepo kidogo tu, linatoka na silinda iliyokufa. Kwa chupa hii pedali haiguswi kabisa wakati wa kutoa upepo.

Lakini chupa inatibu ugonjwa mmoja tu, upepo. Kwa hiyo kabla ya kuifungua, keti ukanyage taratibu usikilize mguu. Pedali ikirudisha mguu kama sponji, na ikipanda kidogo kila unapopompa, upepo umo. Ikienda mbali halafu kwa kukanyaga mara ya pili ikawa juu na ngumu kabisa, garnitiri (vitambaa vya freni) ziko mbali na ngoma. Hapo dawa ni turnevisi (bisibisi). Ikiwa ngumu mwanzo, kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna tone linalovuja nje, raba za silinda kubwa zimechoka. Hiyo hata utie lita kumi haitapona. Mipira ya freni ya zamani nayo huvimba ikipata presha na kuleta usponji uleule: mtu akanyage, wewe shika kila mpira kwa vidole.

Kwa Coccinelle yenye ngoma magurudumu yote, kosa la kawaida ni hilo la garnitiri, na huwa linasahaulika. Kila gurudumu lina nyota mbili, vipande vya meno vya kusogeza garnitiri, zinafikiwa kupitia tundu la ngoma au la bamba la nyuma, kufuatana na mwaka wa gari. Legeza freni ya mkono kwanza. Kaza nyota mpaka gurudumu ligome, rudisha meno matatu au manne mpaka lizunguke huru, kanyaga pedali kwa nguvu ili garnitiri zikae sawa, kisha rudia. Angalia pia nafasi kati ya fimbo ya pedali na pistoni: milimita 1, ambayo kwenye ncha ya pedali unaisikia kama milimita 5 hadi 7.

Sasa chupa. Presha isizidi bari 1.4 ndani ya tairi. Kwa Coccinelle tunashauri bari 0.7 hadi 1, kwa kuwa kikopo ni cha plastiki na raba zinazokiunganisha na silinda kubwa ni za zamani. Chupa haina saa ya presha, hivyo pima tairi mwenyewe. Tairi ya akiba iko palepale mbele, karibu na kikopo, na mara nyingi imeshaunganishwa na chupa ya maji ya kuosha kioo, ambayo kwenye gari hili inasukumwa na upepo uleule, ichomoe.

Jaza kikopo, funga kifuniko, unganisha upepo chupa ikiwa bado tupu. Kikivuja, rekebisha sasa. Hapa ndipo udhaifu wa kifaa hiki: kifuniko kisipokaa sawa, mafuta yanamwagika juu ya rangi, na mafuta ya freni yanakula rangi. Weka ndoo ya maji karibu. Kisha tia mafuta, anza na gurudumu la nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliovikwa kwenye skrubu ya gurudumu, utumbukie kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Fungua skrubu nusu mzunguko, funga mafuta yanapotoka safi bila povu. Chungulia chupa kila baada ya gurudumu: ikiisha mafuta, inapuliza upepo ndani na unaanza upya. Mwishoni toa upepo wa tairi kabla ya kugusa kifuniko, na punguza mafuta ya kikopo kwa sindano ya famasia.

Lita 1 ya DOT 4, aina ya mafuta ya freni, inatosha na kubaki. Ukinunua sokoni Kadutu au Nyawera, chukua kopo lenye muhuri, si mafuta yaliyomiminwa. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230; ikinyonya maji kipimo kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na kwa unyevu wa ziwa na mvua zetu, miaka miwili bila kuyabadilisha ni mingi. Kwenye mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola, mafuta yakichemka yanageuka mvuke, na pedali iliyokuwa nzuri mjini inazama mlimani.

Jaza tena tairi ya akiba kabla ya kuondoka.